Kikokotoo cha Kidato cha Sita: Kukichagua, Kukijaribu Dukani na Kukiandaa kwa Mtihani

Mwanafunzi wa Tanzania humaliza kidato cha nne bila kushika kikokotoo kwenye mtihani wa taifa wa hisabati. Karatasi ya Basic Mathematics imezoeleka kuruhusu majedwali ya hisabati ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), ile fofiga tunayoijua wote, na kukataza vikokotoo. Kisha Julai anaripoti kidato cha tano, anafungua silabasi ya BAM (Basic Applied Mathematics) au Advanced Mathematics, ambayo kwa miaka mingi mada yake ya kwanza kabisa imekuwa Calculating Devices, yaani vifaa vya kukokotolea. Katika karatasi nyingi za miaka iliyopita swali la kwanza limetoka humo, alama 10 za kubonyeza vitufe. Nimefundisha kidato cha tano na cha sita kwa miaka kadhaa, na hizo ndizo alama ninazoumia zaidi nikiona zimepotea, kwa sababu anayezipoteza mara nyingi hisabati anaijua. Asichokijua ni chombo alichoshika.

Kwa hiyo nakuomba ukichukulie kikokotoo kama mada ya kusoma kwa miaka miwili, si kifaa cha kununua wiki moja kabla ya mtihani.

Kwanza soma maelekezo ya karatasi

Kabla ya kwenda dukani, chukua karatasi moja ya zamani ya somo lako usome maelekezo ya ukurasa wa mbele. Kwa BAM na Advanced Mathematics utakuta kinachoruhusiwa ni kikokotoo kisichohifadhi programu, yaani kile ambacho huwezi kukiandikia hatua za kazi kikazitunza na kuzirudia chenyewe. Simu hairuhusiwi hata kama ina kikokotoo kizuri kuliko vyote, na saa janja ni hivyo hivyo.

Hapa wapo wanaoingia mtegoni bila kosa lao. Mjomba aliyeko Marekani anatuma zawadi ya TI-84 Plus, kifaa cha gharama kinachochora grafu, ambacho wanafunzi wa huko hukitumia shuleni kila siku. Kwetu hakifai, kwa sababu kinahifadhi programu. Hata ndani ya Casio yenyewe zipo fx-3650P na fx-5800P ambazo kwa umbo unaweza kuzidhania za kawaida, lakini zote mbili zinahifadhi programu. Angalia hiyo P iliyofuata namba kabla hujatoa hela.

Kwa anayesoma Kenya, hali ni tofauti kidogo. Karatasi za hisabati za KCSE, mtihani wa taifa wa sekondari wa huko, huruhusu kikokotoo kisicho na programu na kisichotoa sauti, pamoja na majedwali ya KNEC, baraza lao la mitihani, isipokuwa pale swali linapokataza. Na maswali ya kukataza yapo: utaambiwa utafute jibu bila kikokotoo, au utumie logi. Ukiandika jibu tupu kwenye swali la namna hiyo, hujajibu ulichoulizwa. Kama chako kinalia kila ukibonyeza, tafuta kingine.

Kipi ununue

Kwa madarasa yetu mjadala huwa kati ya vitatu vya Casio: fx-82MS, fx-991MS na fx-991ES PLUS. Kampuni nyingine zipo na siwakatazi, ila hivi vitatu ndivyo utakavyovikuta mikononi mwa wenzako, na hiyo ni faida kubwa. Ukikwama saa tatu usiku prepo, jirani yako atakuonyesha kitufe.

Fx-82MS ni ya bei nafuu na ina kazi 240. Inatosha kwa logi, pembe, vipeo, takwimu na sehemu kubwa ya BAM. Haina matriki, haina vekta, haitatui milinganyo. Kama mzazi hana uwezo zaidi ya hapo, nunua hiyo bila aibu, uijue vizuri.

Fx-991MS ina kazi 401: matriki, vekta, namba changamano, milinganyo, intigrali. Kwa mwanafunzi wa PCM, PGM au EGM, yaani michepuo yenye Advanced Mathematics, hii ndiyo ninayopendekeza. Fx-991ES PLUS ina kazi 417 na huonyesha sehemu na vipeuo kama vilivyo kitabuni, jambo linalopunguza makosa ya mabano. Ila kumbuka kwamba ukiiacha kwenye mpangilio wake wa kitabu itakupa jibu kama √2 badala ya 1.4142, na itabidi ubonyeze kitufe cha S⇔D kupata desimali.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni la kubadilisha kikokotoo mwishoni. Mwanafunzi ametumia MS tangu kidato cha tano, mwezi wa nne wa kidato cha sita ananunuliwa ES mpya kama motisha. Vidole vinachanganyikiwa. Kwenye MS unabonyeza sin 30 + 1 unapata 1.5. Kwenye ES, ukibonyeza sin inafungua mabano yenyewe. Usipoyafunga baada ya 30, unakuwa umeuliza sini ya 31, na jibu ni 0.5150. Kama zawadi imechelewa, itunze ya chuo.

Dukani, kabla hujalipa

Ukiwa Kariakoo au duka lolote la vifaa vya shule, mwambie muuzaji, "Kaka, naomba nikijaribu kwanza." Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, asante yako na uende kibanda kinachofuata.

Anza na boksi na kava: jina la kampuni limeandikwa sawasawa, herufi kwenye vitufe hazifutiki ukizisugua kwa kidole gumba. Kisha washa na ufanye haya:

- Andika 2 + 3 × 4 na ubonyeze =. Lazima ije 14. Ikija 20, hicho ni cha kuhesabia mauzo ya dukani, si cha sayansi.
- Jaza skrini kwa namba 8 mpaka mwisho. Kila 8 iwe kamili. Kipande kimoja kikiwa hakiwaki, siku moja utasoma 8 kama 6 au 9.
- Bonyeza 1 mpaka 9 kisha 0, polepole, halafu haraka. Kitufe kinachoandika mara mbili au kinachotaka kukandamizwa ni kibovu, hata kama ni kipya.
- Tafuta 69 faktoria: 69, SHIFT, kitufe cha x⁻¹, halafu =. Utapata 1.711224524 × 10⁹⁸. Jaribu na 70. Lazima kikatae, kwa sababu jibu linavuka uwezo wake.
- Kama kimeandikwa fx-991MS, bonyeza MODE mara kadhaa mpaka uone EQN (milinganyo), MAT (matriki) na VCT (vekta). Usipoziona, jina la nje na mashine ya ndani si kitu kimoja.
- Kama ni cha sola na betri, ziba kioo cha sola kwa kidole. Namba zikififia, betri ya ndani imekufa au haipo.

Ni dakika tano tu. Wazazi wengi hununua bila kuwasha hata mara moja, na kikifika shule hakuna wa kukirudisha.

Siku ya kwanza: kirudishe kwenye hali ya kiwandani

Hata kikokotoo kipya kinaweza kuwa kimechezewa dukani. Kwenye fx-82MS na fx-991MS bonyeza SHIFT, MODE, 3, kisha = mara mbili. Kwenye fx-991ES PLUS ni SHIFT, 9, 3, =, kisha AC. Hapo kumbukumbu zote zimefutika na mipangilio imerudi mwanzo. Fanya zoezi hili mpaka ulifanye bila kutazama, kwa sababu utalihitaji asubuhi ya mtihani.

Kisha andika 1 ÷ 200. Ukiona 5 × 10⁻³ badala ya 0.005, kikokotoo hakijaharibika. Kiko Norm 1, ambayo huandika kwa kipeo namba yoyote iliyo chini ya 0.01. Ukitaka 0.005 ionekane, kwenye fx-82MS bonyeza MODE mara tatu, kwenye fx-991MS mara tano, chagua Norm, kisha 2. Na ukiona alama ya mkato mahali pa nukta ya desimali, MODE ya mwisho yenye neno Disp ndiyo inayorekebisha.

Herufi ndogo juu ya skrini: D, R, G

Hapa nitakaa kidogo.

Kijana mmoja wa PCM, makini sana, alinijia na karatasi yake ya mazoezi akiwa amekasirika. "Mwalimu, njia yangu ni sahihi, mbona majibu yote umekata?" Nikapitia. Njia ilikuwa safi kweli, mstari kwa mstari. Nikamwambia nipe hicho kikokotoo. Juu ya skrini, herufi ndogo kuliko punje ya mtama, palikuwa na G. Alikuwa amekiazima kwa mwenzake jioni ile, na mwenzake naye hakujua. Maswali manne ya pembe yalikuwa yamekokotolewa kwa gradiani, kipimo ambacho pembe mraba ni 100 badala ya 90.

Jaribio ni moja, nalo ni sin 30. Jibu likiwa 0.5 uko kwenye digrii. Likiwa −0.988 uko kwenye radiani. Likiwa 0.454 uko kwenye gradiani. Kurudi kwenye digrii: kwa fx-82MS bonyeza MODE mara mbili kisha 1, kwa fx-991MS bonyeza MODE mara nne kisha 1, na kwa fx-991ES PLUS bonyeza SHIFT, MODE, 3.

Radiani nayo ina mahali pake, na wanafunzi wa Advance huisahau. Popote unapofanya tofautisho au intigrali ya sini na kosini, ikiwa ni pamoja na kukadiria eneo kwa kanuni ya trapeza au ya Simpson, kikokotoo lazima kiwe R. Intigrali ya sin x kutoka 0 mpaka π ni 2. Ukiiacha mashine kwenye digrii itakuambia 0.0861, na itakuambia bila wasiwasi wowote. Ukimaliza swali hilo, rudisha D kabla hujafungua ukurasa.

Mfano mmoja, makosa manne

Chukua swali la mtindo wa swali la kwanza. Kokotoa kwa nafasi 4 za desimali:

(√5.73 × ln 12.4) ÷ (sin 40° + e^0.3)

Kwenye MS andika: ( √ 5.73 × ln 12.4 ) ÷ ( sin 40 + SHIFT ln 0.3 ) = . Utasoma 3.02448 na kitu, kwa hiyo jibu ni 3.0245.

Sasa tazama kinachotokea ukikosea. Ukiacha mabano ya chini, mashine itagawanya kwa sin 40 peke yake, halafu ijumlishe e^0.3, na utapata 10.7258. Ukiwa kwenye radiani utapata 2.8768. Ukiwa kwenye gradiani utapata 3.1103. Na ukikokotoa vipande vipande huku ukikata kila kipande kwenye desimali mbili, yaani 2.39 × 2.52 juu na 0.64 + 1.35 chini, utapata 3.0265.

Ziangalie hizo namba. Ile 10.7258 pengine itakushtua. Lakini 3.1103 na 3.0265 zinafanana kabisa na jibu la kweli, hakuna jicho litakaloshtuka. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasilinganishe jibu na hisia zao, bali wakague herufi ya juu na mabano kabla ya kubonyeza =. Ukishabonyeza, mshale wa kushoto unakurudisha ndani ya mstari uliouandika. Usome tena polepole kama unavyosoma sentensi, kisha = nyingine.

Swali likiwa refu mno, usiandike namba katikati ya njia na kuiingiza tena kwa mkono. Ihifadhi yote: SHIFT, RCL, kisha kitufe chenye herufi A. Ukiihitaji, ALPHA A. Kukata desimali ni kazi ya mwisho, ifanyike mara moja tu, kwa mkono wako.

Mengine ya kuandika ambayo huwaponza wengi, kwa haraka. Kipeuo cha jumla kinataka mabano kwenye MS: √(9 + 16) ni 5, lakini √9 + 16 ni 19. Hasi ya mraba vilevile: (−3)² ni 9, −3² ni −9. Na kitufe cha EXP tayari kina 10 ndani yake, kwa hiyo kasi ya mwanga ni 3 EXP 8. Ukiandika 3 × 10 EXP 8 umeizidisha mara kumi, na kosa hili huvuka kutoka hisabati hadi fizikia na kemia. Maandishi kama 6 ÷ 2(1 + 2) yaepuke kabisa, maana vikokotoo vyenyewe havikubaliani: kuna vinavyotoa 1 na vinavyotoa 9. Weka mabano yako mwenyewe.

Takwimu: data za jana

Kwenye MS data za takwimu hukaa hata ukizima. Mwanafunzi anafungua SD, sehemu ya takwimu iliyo kwenye MODE, anaingiza namba zake tano, kumbe zinaungana na nane za swali la jana. Kwa hiyo ukiingia SD, kabla ya namba ya kwanza, bonyeza SHIFT, MODE, 1, = ili ufute.

Ingiza 4, 5, 5, 6 na 10, kila moja ikifuatiwa na M+. Skrini inakuhesabia n, nayo mwishoni lazima iwe 5. Kama una jedwali la marudio, andika namba, SHIFT, kitufe cha mkato, marudio, kisha M+. Majibu yako SHIFT 2: ukichagua 1 unapata wastani, ambao hapa ni 6. Ukichagua 2 unapata mkengeuko sanifu uliogawanywa kwa n, yaani 2.098. Ukichagua 3 umegawanywa kwa n − 1, yaani 2.345. Somo letu kwa kawaida hutumia fomula ya kugawanya kwa n, lakini lifuate swali lako na fomula uliyoiandika juu yake. Fomula ikiwa moja na namba ikiwa ya nyingine, msahihishaji ataona.

Kuhusu matriki na EQN za fx-991MS: zijue, lakini zitumie kuhakiki. Swali likisema tumia kikokotoo, jibu la mashine linatosha. Likisema onyesha njia, andika njia, halafu mashine ikuambie kama umefika.

Betri

Fx-991MS hutumia betri ya kifungo ya LR44, na kuibadilisha lazima ufungue skrubu za nyuma. Hiyo si kazi ya usiku wa kuamkia mtihani kwa kisu cha jikoni. Mtihani wa kidato cha sita huwa Mei. Mwezi wa nne mpelekee fundi saa, atakuwekea kwa dakika chache, halafu ukitumie wiki mbili tatu ili uone kama kimetulia. Kumbuka kubadilisha betri kunaweza kufuta mipangilio, kwa hiyo rudia sin 30. Usitegemee sola peke yake. Asubuhi ya mvua, ukiwa umekaa mbali na dirisha, na umeme umekatika, mwanga unaweza usitoshe.

Jioni na asubuhi ya mtihani

Futa kikokotoo kwa kitambaa kikavu, nyuma na mbele. Kama uliandika kwa peni fomula yoyote kwenye mfuniko, hata ile ya mzaha ya kidato cha tano, isugue mpaka iishe. Mfuniko wa fx-991MS una orodha ya namba za kisayansi. Mimi huwaambia wanafunzi wauache nje kwenye begi na kuingia na mashine tupu, ili msimamizi asipate cha kuuliza. Jina lako liandike kwenye kipande kidogo cha plasta nyuma, kwa sababu bwenini vyote vinafanana. Na usimwazime mtu usiku huo. Mwenzako akihitaji, kaa naye mkitumie pamoja, kisha ondoka nacho.

Asubuhi, kabla ya kupanga mstari: futa vyote kwa SHIFT, MODE, 3, =, = (kwenye ES ni SHIFT, 9, 3, =, AC). Kisha sin 30, uone 0.5. Kisha 1 ÷ 200, uone mtindo uliouzoea. Kisha ziba sola.

Ndani ya chumba kikijizima usiogope. MS hujizima yenyewe baada ya dakika kama sita bila kuguswa, na ulichohifadhi kwenye A kipo bado. Washa, tazama herufi ya juu, endelea. Kikifa kabisa, nyanyua mkono umwambie msimamizi. Usigeuke kumwomba jirani, maana hata kama nia yako ni njema, kwa mbali inaonekana kama kitu kingine. Fofiga iwe mezani kwako siku hiyo, kama maelekezo ya karatasi yanairuhusu. Ulishaitumia miaka minne, na logi zake hazihitaji betri.